Usioshe Buji Kabla Haijasomwa

Vijana wangu wa garaji, nimeacha kazi kwa sababu ya magoti, si kwa sababu ya akili. Nataka hilo lijulikane mapema, maana nasikia kuna wanaosema Mama Furaha amechoka. Sijachoka. Magoti ndiyo yamekataa kuchuchumaa kando ya pikipiki, na fundi asiyeweza kuchuchumaa hufanya kazi ya kuwaelekeza wenzake tu, kazi ambayo nilikuwa naifanya sana na mkainung'unikia sana. Sasa nimekaa nyumbani, mbele ya mawe meusi ninayoyaita bustani, na nimeona niwaandikie yale ambayo kelele za injini hazikunipa nafasi ya kuwaambia.

Nianze na neno moja. Kila siku mnalitumia. Mteja anafika, mnafungua buji, mnaigeuza juani, mnasema, "Gaju, papa, enda zako," naye anaondoka akitabasamu. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Mmoja, simtaji jina, nilimsikia akimweleza mteja kwamba ni Kifaransa. Kuuliza si ujinga, lakini kujibu usichokijua ni mwanzo wake.

Gaju ni ng'ombe. Ni ng'ombe wa rangi ya hudhurungi nyepesi, kama chai iliyotiwa maziwa kwa ukarimu, na baba yangu alikuwa nao wengi kule kwenye milima ya Masisi. Sisi tulikuwa wafugaji. Mtoto wa kwetu alijua rangi za ng'ombe kabla hajajua kufunga kamba za viatu, pengine kwa sababu viatu vyenyewe havikuwepo. Gaju ni huyo niliyemtaja. Bihogo ni wa hudhurungi iliyokolea, karibu na rangi ya damu iliyokauka. Gitare ni mweupe. Yako majina mengine mengi, na baba alikuwa anayataja jioni kama padri anavyotaja watakatifu. Kisha vita vikaja, ng'ombe wakaenda na watu wenye bunduki, na sisi tukashuka Goma, mtaa wa Mapendo, na kidumu kimoja cha maziwa ambayo nilikuwa nanunua kwa wengine na kuuza kwa rejareja.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa muzee Bauma. Alikuwa na garaji ya mabati matatu na ukuta mmoja, na alikunywa maziwa asubuhi akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa Mhunde, mkulima kwa ukoo, wa milima ileile yetu lakini upande mwingine. Miaka hiyo watu wake na watu wangu hawakuwa wanakula chungu kimoja, mnaelewa ninachosema. Aliponiuliza mara ya kwanza nimetoka wapi, nilimjibu, "Juu," naye akasema, "Miye pia nilitoka juu," tukaishia hapo, akaendelea kunywa maziwa.

Asubuhi moja nilimkuta na buji mkononi, anawafundisha mafundi wake wawili. Kwa ndugu atakayesoma haya bila kuwa wa kazi yetu: buji ni kile kidude kinachopiga cheche ndani ya injini. Kinakaa mahali ambapo jicho halifiki, petroli na hewa vikichomeka mbele ya pua yake, na ukikitoa, rangi yake inakuambia kama petroli ni nyingi au ni kidogo. Muzee alikuwa anatafuta jina la rangi iliyokuwa mbele yake.

"Sema ni rangi gani," akamwambia fundi wa kwanza.

"Kahawia, muzee."

"Na hii ingine?"

"Kahawia vilevile."

"Kahawia na kahawia! Moja iko muzima, moja iko mugonjwa, na zote ni kahawia? Kwa macho gani?"

Nilitua kidumu changu. Sikuwa nimeulizwa, lakini mdomo wangu haujawahi kungoja kuulizwa. Nikamwambia, "Hii ni gaju. Ile ni bihogo." Akaniangalia. Akaingia ndani akatoa sanduku la buji kuukuu, akazimwaga mbele yangu, na mimi nikazipanga kama baba alivyokuwa anapanga zizi: gaju huku, bihogo huku, gitare kule mwisho, nyeusi peke yao. Sikujua hata moja inafanya kazi gani. Nilijua rangi tu.

Muzee alimaliza maziwa yake, akajifuta mdomo.

"Furaha, kesho usilete maziwa tu," akasema. "Leta na mikono."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii, na msiwasikilize wanaosema kuna barua ya kuomba kazi iliandikwa.

Kwa muda mfupi garaji nzima ikawa inazungumza Kinyarwanda cha ng'ombe. Gaju ilikuwa injini inayokula vizuri, usiiguse. Bihogo ilikuwa petroli imezidi kidogo. Mwenye pikipiki anaweza kwenda lakini atalalamika kwa muuza mafuta. Nyeusi kavu, kama sufuria ya maharage chini, ni petroli nyingi mno au filta ya hewa iliyoziba. Nyeusi ya kulowa ni oili inayopanda mahali isipotakiwa, hapo kunja mikono ya shati uifungue injini. Na gitare, nyeupe, ndiyo mbaya kuliko zote: injini ina njaa, inajichoma yenyewe, na kesho utakuta pistoni imetoboka. Hilo ndilo lilinipa taabu, kwa sababu baba yangu alimpenda gitare kuliko ng'ombe wote. Ilinichukua muda mrefu kuogopa kitu nilichofundishwa kukisifu.

Namna ya kusoma mnaijua, lakini nairudia kwa sababu mmeanza uvivu. Buji haisomwi pikipiki ikiwa inaunguruma mlangoni kama paka. Muzee alikuwa anaipeleka barabara ya Sake mpaka kilima cha Lac Vert, anapanda na gazi yote, mkono wa mafuta umekunjwa mpaka mwisho, na katikati ya mlima anazima injini ghafla bila kupunguza gazi, anaiacha isimame yenyewe. Hapo hapo kando ya barabara anafungua buji kwa kitambaa, maana inachoma, na anaigeuza juani, kamwe si kivulini. Kivulini kila buji ni nzuri. Wamama waliokuwa wanashuka na viazi walimzoea, wakawa wanamuuliza, "Papa Bauma, leo ng'ombe gani?" naye anajibu.

Sasa sheria. Katika garaji ile kulikuwa na sheria moja tu ambayo ukiivunja muzee anabadilika: buji haioshwi kabla haijasomwa. Mtasema ni jambo dogo. Lakini watu wa Goma wamelelewa vizuri, na hapo ndipo penye shida. Mtu wetu haendi kwa daktari bila kuoga, haendi kanisani na shati chafu, na hawezi kumpelekea fundi kitu kichafu, ataonekana hana adabu. Basi dereva wa pikipiki, kwa heshima zake zote, kabla ya kuja kwetu anatoa buji, anaisugua kwa ule mchanga mweusi wa volkano, anaiosha kwa petroli mpaka inang'aa, kisha anatuletea akijisifu. Ushahidi wote umefutwa kwa adabu. Muzee akiona hivyo alikuwa anapiga kelele mpaka majirani wanafunga redio.

Kelele hizo hazikuchagua mtu. Miaka ile mji ulibadilisha watawala mara nyingi. Kila waliouteka walikuja na maneno mapya, lakini pikipiki zilikuwa zilezile na buji nyeusi vilevile, kwa sababu zilitoka milimani, na kule juu hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa huku chini inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Sisi tulikuwa tunateremsha sindano ya kabureta ngazi moja na kunyamaza. Siku moja akaja askari mrefu, bunduki begani, anasukuma pikipiki iliyokataa kupanda. Akatoa buji mfukoni. Iling'aa kama hereni.

"Nani aliosha hii?" muzee akauliza.

"Miye mwenyewe, papa. Kwetu jeshini kila kitu kinang'aa."

Nilitaka kumvuta muzee kwa shati. Nilichelewa. Alimpigia yule askari kelele mbele ya bunduki yake, akamuuliza kama mgonjwa anatapika halafu anafuta, daktari ataangalia nini, akamuuliza mama yake alimfundisha nini zaidi ya kusugua. Sisi mafundi tulikuwa tumeshaanza kuangalia njia ya kutokea nyuma. Askari alisimama kama mwanafunzi aliyesahau daftari.

"Pardon, papa," akasema.

"Pardon haina rangi! Enda Lac Vert, upande, uzime katikati, urudi na buji chafu!"

Akaenda. Akarudi na buji chafu, ameishika kwa vidole viwili kama yai. Tangu siku ile nilijua kwamba muzee Bauma anaweza kustahimili yote duniani isipokuwa buji iliyooshwa.

Mwaka volkano iliposhuka mjini, ulimi mmoja wa lava ulipita Mapendo. Siwezi kuwaeleza sana siku ile, wengine wenu mlibebwa mgongoni mkiwa mnalia, mnaijua kwa namna yenu. Watu walibeba magodoro, mbuzi, picha za harusi. Mimi nilikuwa garajini peke yangu, nikashika kilichokuwa na magurudumu: pikipiki ya muzee mwenyewe, ile kuukuu ya kuchanganyia oili kwenye petroli, nikaisukuma na umati kuelekea Sake. Yeye na familia yake walikimbilia upande wa mpaka. Tuliporudi, garaji ilikuwa chini ya jiwe linalofuka moshi. Mabati matatu, ukuta, funguo zake, yaani spana, alizozikusanya tangu ujana, na lile sanduku la buji alilofundishia, vyote vilikuwa humo.

Mimi nilipata turubai, nikaanza kazi juu ya jiwe lenyewe, na kazi ilikuwepo. Majivu yaliingia kwenye kila filta mjini, na kila pikipiki ilikuwa nyeusi. Lakini muzee hakuja. Alikuwa amepelekwa kwa binti yake, Mama Zawadi, karibu na Lac Vert, na huko alikaa kwenye kiti uani, mikono magotini, kama mtu wa matanga. Hakuwa mgonjwa wa mwili. Ukimsalimu anasema "sawa". Ukimletea chakula anasema "sawa" na hakigusi. Kwaya ya parokia ilikwenda ikamwimbia nyimbo zote ilizozijua na nyingine ambazo haikuzijua vizuri, akasema "sawa".

Nilikwenda kumwambia pikipiki yake imepona. Nilitegemea atasimama.

"Uza," akasema.

Neno hilo lilinitisha kuliko volkano. Mama Zawadi alinisindikiza mpaka barabarani, akalia njia nzima, akasema baba anakwisha hivi anamwona, na hajui la kufanya tena. Na mimi nililia. Baba yangu alikuwa amekufa kwa huzuni ileile, amekaa Mapendo akiangalia mahali ambapo ng'ombe hawakuwepo, na sikuwa nimepata dawa yake. Muzee Bauma alinichukua mimi, binti wa watu aliopaswa kuwachukia, akaniwekea ufunguo mkononi. Nilimpenda kama mzazi. Sikuwa tayari kuzika baba wa pili akiwa bado anapumua.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sikuuliza mtu. Nilirudi chini ya turubai, nikafungua buji ya pikipiki yake mwenyewe. Ilikuwa na rangi nzuri sana ya kusomeka. Nikachota mchanga mweusi, na jamani, mkono ulikataa. Niliusukuma. Nikaisugua, nikaiosha kwa petroli, nikaisugua tena mpaka ikang'aa kuliko ilivyotoka dukani. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikavaa uso wa msiba, nikaisukuma ile pikipiki mpaka Lac Vert, nikaiacha barabarani.

"Muzee," nikamwambia, "kuko moto moja, pikipiki ya muteja, inanisumbua. Inakufa kwenye mulima. Nimekuletea buji yake."

"Sawa," akasema, na akapokea kitambaa kama alivyopokea kila kitu.

Akakifungua. Akaangalia. Akaigeuza juani, upande huu, upande ule. Kisha nikaona mshipa wa shingo yake, ule tulioujua wote garajini, unasimama pole pole.

"Nani aliosha hii buji?"

"Miye, muzee."

"Weye?"

"Ilikuwa chafu. Nikaona haya kukuletea kitu chafu."

"HAYA?" Alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. "Miaka yote! Miaka yote ninakufundisha, unaona haya ya uchafu! Sasa nitasoma nini hapa? Uso yangu? Ni kioo hii? Minakuuliza, Furaha, ni kioo?"

Mama Zawadi alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akidhani kuna mtu ameuawa. Alimkuta baba yake amesimama katikati ya uani, anapiga kelele mpaka mate yanaruka, amenipandia mimi na ukoo wangu na ng'ombe wetu wote waliokufa na waliobaki. Akaniangalia. Nilikuwa nimeinamisha kichwa ili muzee asione ninavyocheka na machozi yanavyoshuka. Mama Zawadi akaelewa, akauma mwiko.

"Kiatu yangu iko wapi?" muzee akauliza. "Hiyo moto iko wapi? Munanikalisha hapa, munanilisha viazi, kumbe huko batu banaua moto za wenyewe!"

Alipofika barabarani na kuona pikipiki ni yake, aliinamia injini. Alifunga buji, akapiga kiki, nikapanda nyuma. Buji iliyooshwa haisemi haraka, inabidi kuibembeleza, kwa hiyo tulipanda kile kilima na kushuka, tukapanda na kushuka, mpaka watoto wa kando ya barabara wakachoka kutushangilia. Mwisho akazima katikati ya mlima, akaifungua kwa pindo la shati, akaigeuza juani.

"Bihogo," nikasema.

"Bihogo ya majivu. Haukusafisha filta?"

"Nilikuwa na kazi ya kuosha buji, muzee."

Akaniangalia kwa jicho moja, akakung'uta filta kwenye jiwe, wingu la majivu likatufunika wote wawili, tukapanda tena. Safari ile alipoitoa buji hakunionyesha kwanza. Wamama wa viazi walikuwa wanashuka, na mmoja alipomwona akapiga kigelegele, akaita, "Papa Bauma! Leo ng'ombe gani?"

"Gaju!" muzee akapaza sauti, mikono juu, uso mweusi wa majivu, meno nje. "Gaju, mama yangu! Gaju!"

Mhunde mzima, barabarani, anamsifu ng'ombe wa baba yangu. Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo kwa sababu nilimwambia.

Siku iliyofuata alikuja chini ya turubai mapema kuliko mimi. Garaji mnayoifanyia kazi leo, juu ya lava, ilianza na mikono yake, na waasi walipokuja tena baadaye, na moshi wa mlima ulipotutisha tena, hakurudi kwenye kile kiti. Alifanya kazi mpaka uzee wa kweli ukamkalisha, na hata hapo alikaa mlangoni mwa garaji, si uani.

Hapo mlangoni ndipo alipoanza kucheka peke yake siku moja, nikiwa nafunga mnyororo. Nikamuuliza anacheka nini.

"Ile buji yenye uliniletea kwa mutoto wangu, mwaka wa volkano," akasema. "Unazani sikujua?"

"Kujua nini, muzee?"

"Ilikuwa buji yangu. Iko na alama ya koleo yangu kwenye kichwa, niliijua mbele sijafungua kitambaa muzuri. Na nilijua weye hauwezi kuosha buji, ata mutu akushikie bunduki. Nikasema, basi huyu mutoto ananiita. Mutoto akikuita, utakataa?"

"Sasa zile kelele zote?"

"Kelele ilikuwa ya kweli!" akasema, na ule mshipa ukasimama tena, ingawa alikuwa mzee. "Kujua ni kitu kimoja. Kuona buji imeoshwa ni kitu ingine. Nilikasirika mpaka njaa ikashika."

Tulicheka hadi wateja wakaona tumepata wazimu. Tulimzika kwao milimani, na nyuma ya jeneza zilipanda pikipiki za mji mzima, hakuna hata moja iliyozimika mlimani, nilikuwa nimezipitia zote mwenyewe.

Basi, vijana wangu, someni juani, zimeni katikati ya mlima, mwogopeni gitare. Na siku mkipita hapa kwangu mkanikuta nimekaa kimya mbele ya mawe yangu, nasema "sawa" kwa kila jambo, wala sigeuki pikipiki ikipita, msiniletee juisi, msiniletee kwaya. Nileteeni buji mliyoiosha. Viatu vyangu viko karibu na mlango.